Kucheza Muziki Uliopakuliwa kwa Tundu la AUX Garini

Magari mengi yanayoletwa Nairobi baada ya kutumika Japani yana redio zilizoundwa kwa masafa ya huko, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa megahezi 76 hadi 90, kwa hiyo hazinasi stesheni nyingi za hapa. Katika gari la namna hiyo, tundu la AUX, yaani tundu dogo la redio la kuchomekea waya wa sauti unaotoka kwenye simu, ni la thamani kubwa.

Pakua nyimbo penye Wi-Fi, kisha uzime data na uzicheze ili uhakikishe kwamba zimo ndani ya simu. Nunua waya wenye plagi ya milimita 3.5 pande zote mbili. Maduka ya Luthuli Avenue huuza. Simu isiyo na tundu la plagi hiyo huhitaji adapta. Chomeka hadi mwisho, halafu ubonyeze MODE au SOURCE mpaka neno AUX litokee.

Sauti ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Ongeza sauti ya simu hadi karibu na mwisho, kisha uirekebishe kwa kitufe cha redio, kwa sababu ukifanya kinyume redio itakuza mivumo pamoja na wimbo. Ukisikia mlio unaopanda na kushuka kwa kufuata mwendo wa injini, chomoa chaja ya simu. Mlio ukikoma, tafuta kichujio kidogo kinachounganishwa katikati ya waya, nacho, kwa maoni yangu, kinastahili gharama yake.

Panga orodha ya nyimbo kabla hujaingia Thika Road, kwani kwa njia hii vitufe vya redio havibadilishi wimbo, na simu haifai kushikwa gari likienda.