Gari la V8 la otomatiki linapokuwa zito kuondoka
Ikiwa Chevrolet Chevelle yako ya 1970 ni nzito kuondoka lakini huchanganya vizuri ikishashika kasi, usikimbilie kufungua injini. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, toa kisafisha hewa, kisha chungulia ndani ya kabureta huku mwenzako akikanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho: petroli inapaswa kuruka papo hapo kwa michirizi imara, na ikidondoka tu, pampu ndogo ya kabureta imechoka. Pima pia taimingi, yaani wakati ambao plagi hutoa cheche. Hayo yakiwa sawa, tazama difu (gia za ekseli ya nyuma zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu), ambayo kwa maoni yangu husahaulika mno, kwa kuwa uwiano wa 2.73 (shafti huzunguka mara 2.73 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu) hutuliza injini katika safari ndefu lakini hulinyima gari msukumo wa kuondokea ambao uwiano wa 3.73 ungelipatia.