Unaanza kusafisha damu? Mambo ya kujua wiki za mwanzo

Mama yangu ana mwaka wa tatu sasa kwenye dayalisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine figo zikishindwa, mara tatu kwa wiki, masaa manne kila akikaa kwenye mashine, na mimi ndo namsindikiza.

Wiki za mwanzo ndo ngumu, kichwa kinagonga, presha inashuka, ukirudi nyumbani unalala kama mtu aliyelima shamba zima. Ukiwa kwenye mashine ukasikia kizunguzungu au miguu inakaza usijikaze, muite nesi hapo hapo, kuna vitu anarekebisha na unapata nafuu.

Maji sasa, hapa ndo penye kazi. Daktari atakupangia kiasi chako kulingana na mkojo unaotoka, na chai, uji, supu, barafu vyote vinahesabika. Sisi tunamjazia mama chupa ya maji asubuhi, kiasi chake cha siku, akinywa kikombe cha chai tunamwaga kikombe kimoja toka kwenye chupa, ikiisha imeisha. Punguzeni chumvi maana ndo inaleta kiu, pikeni bila chumvi wengine waongeze mezani. Na madafu jamani, watu watamletea mgonjwa kwa upendo kabisa, ila yana potasiamu nyingi, madini ambayo figo mbovu haziwezi kuyatoa, na ikizidi mwilini moyo unaweza kusimama, pokea, shukuru, wape watoto. Ndizi na parachichi uliza kwanza. Viazi menya, katakata vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga hayo maji ili potasiamu ipungue, ndo uunge.

Kama una fistula, yaani mishipa ya mkono iliyounganishwa kwa upasuaji ili mashine ichukulie damu hapo, mkono huo usipimwe presha, usitolewe damu, usiulalie, usibebee ndoo. Kila asubuhi weka vidole juu yake utasikia inatetemeka kama simu iliyozimwa mlio, siku usiposikia nenda hospitali siku hiyo hiyo. Wenye mpira wa dayalisisi shingoni, msiuache ulowe, na ukipata homa au baridi ya kutetemeka usisubiri zamu yako, nenda.

Halafu kuna moyo, yaani hisia za mgonjwa. Mama wiki mbili hakuongea, siku moja akasema nimekuwa mzigo kwenu. Tulikosea, tulikuwa tunamwambia jikaze tu mama, kumbe tunamnyamazisha. Kilichomsaidia ni mama mwenzie wa kitanda cha pili mwenye miaka sita kwenye mashine, wakaanza kupiga stori, na sisi nyumbani tukamrudishia kazi yake ya kuchambua mchele. Ila mgonjwa akikosa usingizi, akiwa hataki kula, au anasema haendi tena, mwambieni daktari, na hiyo nayo inatibika.