Wakili anapokunyanyasa: la kufanya kabla ya kupeleka malalamiko

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Tanzania. Wanaonijia na jambo hili ni makarani wa ofisi za mawakili, wanafunzi wa sheria walio kwenye mafunzo kwa vitendo, na wateja, hasa wajane wenye kesi za mirathi. Wote wanaogopa kwa sababu aliyewaumiza anaijua sheria kuliko wao. Nawaomba wasikimbilie kuandika malalamiko. Ukishayawasilisha, mlalamikiwa atapewa nakala, na jina lako ataliona.

1. Andika siku hiyohiyo. Tarehe, mahali, maneno yaleyale aliyosema, nani alikuwepo. Usifute ujumbe wa WhatsApp hata kama unakuchefua. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kupokewa kama ushahidi, lakini utaulizwa ulivyotunzwa, kwa hiyo hifadhi mazungumzo yote na simu yenyewe. Kompyuta ya ofisi usiitumie kabisa.

2. Mwone wakili mwingine, kwa siri. Sheria ya Ushahidi inalinda unayomweleza wakili wako; hawezi kuyatoa bila ridhaa yako. Wanawake wasio na uwezo husaidiwa bure na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake. Kabla hujasimulia, uliza kama ana undugu au kazi na aliyekunyanyasa, maana mawakili wa mji mmoja hujuana. Sema wazi kwamba kwa sasa unataka ushauri tu. Kuondoka bila kufungua shauri ni haki yako, na asikushinikize mtu.

3. Chagua pa kwenda. Mfanyakazi aliyebaguliwa au kunyanyaswa kazini huenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 60. Ukiachishwa kazi, ni 30 tu. Maadili ya wakili ni ya Kamati ya Mawakili, chini ya Jaji wa Mahakama Kuu, yenye uwezo wa kumwonya, kumsimamisha au kumfuta kwenye orodha ya mawakili. Hakimu au karani wa mahakama akidai ngono ili faili lako lisogee, hiyo ni rushwa: piga TAKUKURU, 113, bure. Ukishambuliwa mwilini, nenda hospitali na dawati la jinsia la polisi siku hiyohiyo.

4. Mteja, badilisha wakili kwanza. Wakili mpya aingie kabla ya tarehe ya kesi. Barua ya kumwachisha yule wa zamani iwe fupi, bila kutaja kisa. Hati ya nyumba, cheti cha kifo na nyaraka nyingine halisi tuma ndugu azichukue, asaini kila moja, ndipo malalamiko yapelekwe.