Jinsi ya Kuomba Kurejeshewa Gari Lililoshikiliwa Katika Kesi ya Dawa za Kulevya, Arusha na Moshi

Mwongozo huu unamhusu mmiliki ambaye hakuwamo garini siku lilipopekuliwa: mama mwenye Noah aliyemkabidhi dereva kwa hesabu ya kila siku, au kijana aliyetoa bodaboda yake kwa mkataba, kisha akapigiwa simu kwamba chombo chake kimezuiwa kituoni kwa sababu ya mirungi. Katika barabara ya Arusha hadi Moshi, na zile zinazotoka Namanga na Holili, jambo hili si geni, kwa kuwa mirungi inayouzwa kihalali ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, huku kwetu ni dawa ya kulevya kama ilivyo bangi.

Kabla ya kuandika neno lolote, tafuta nakala ya hati ya ukamataji mali. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, pamoja na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, zinamtaka ofisa aliyekamata vitu aviandike na kutoa hati hiyo ikiwa na saini za waliohusika. Mara nyingi nakala huwa kwa dereva au kwa ndugu zake. Isome polepole: namba ya usajili, saa, mahali, mashahidi, na hasa maneno yanayoeleza furushi lilikutwa wapi. "Chini ya kiti cha nyuma, ndani ya begi la abiria" si sawa na "ndani ya gari". Niliwahi kushika hati ambayo herufi ya mwisho ya namba ya usajili ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya kwa kalamu nyingine, bila saini pembeni, na kosa hilo dogo lilimrudisha mwenye gari kituoni mara tatu.

Elewa pia kwa nini gari lilisimamishwa. Polisi anaruhusiwa kupekua gari bila hati ya upekuzi anapokuwa na sababu za msingi za kushuku kwamba limebeba kitu haramu, na kusubiri hati kungefanya ushahidi upotee, kwani gari lililopo Boma Ng'ombe sasa hivi litakuwa mbali baada ya nusu saa. Taarifa ya msiri iliyotaja namba ya gari, au dereva kuruka na kukimbia, ni sababu inayoeleweka. Kubabaika peke yake, kwa maoni yangu, ni sababu dhaifu, maana watu wengi hubabaika wanaposimamishwa na trafiki hata leseni ikiwa sawa. Hata hivyo, usijenge maombi yako juu ya kasoro za upekuzi. Hoja hiyo ni ya mshtakiwa katika kesi yake, na hata upekuzi ukiwa na dosari, mahakama bado ina hiari ya kuupokea au kuukataa ushahidi. Hoja yako wewe ni kwamba gari ni lako, hukujua lilichobeba, na utalileta likihitajika.

Anza kwa barua kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, au kwa ofisi ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ikiwa ndiyo iliyokamata, na nakala iende Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Ambatisha kadi ya gari, kitambulisho cha Taifa, mkataba wako na dereva na nakala ya hati ya ukamataji, kisha hakikisha nakala unayobaki nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu gari lilinunuliwa kwa karatasi ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa na kadi bado ina jina la muuzaji. Ikiwa hali ni hiyo, mtafute muuzaji aape kwamba alikuuzia, la sivyo ofisi itamtambua yeye kuwa ndiye mwenye mali.

Barua isipojibiwa au ikikataliwa, peleka maombi katika mahakama ambako kesi imefunguliwa, yakiungwa mkono na kiapo. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, hivyo andika kwa lugha unayoimudu. Kiapo kiwe na aya zenye namba, na kila aya ibebe jambo moja unalolijua wewe mwenyewe. Uliloambiwa, mtaje aliyekuambia. Eleza ulivyompata dereva, ulivyomkataza kubeba mizigo isiyo na mwenyewe, na ulipokuwa siku ile. Usiape jambo la kubuni, kwani upande wa mashtaka unaweza kuleta kiapo kinzani na kuoanisha maneno yako na maelezo ya dereva.

Omba mambo mawili kwa mpangilio: kwanza urejeshewe gari moja kwa moja, hilo likishindikana, lipigwe picha na kuorodheshwa, kisha uachiwe kwa dhamana ya kulileta mahakamani. Usisubiri hukumu, kwa sababu amri ya kutaifisha inaweza kutolewa pamoja na adhabu. Ukikabidhiwa, likague mbele ya ofisa, andika kilichopungua kabla ya kusaini, na usilipake rangi wala kuliuza hadi kesi itakapokwisha.