Kusajili mgonjwa kwenye kompyuta bila kumfungulia majalada mawili

Kituo kinapohama kutoka mafaili ya karatasi kwenda kwenye kompyuta, mazungumzo yote huwa ya jenereta, nyaya na bei ya mashine. Hayo yana mafundi wake. Mfumo huharibikia mapokezi, mgonjwa mmoja anaposajiliwa mara mbili. Jalada la kwanza linasema septrini humtoa vipele mwili mzima. La pili ni tupu. Daktari akifungua la pili, ataandika septrini na hatakuwa na kosa.

Mwongozo huu ni wa anayekaa dirishani. Mifano mingi ni ya OpenMRS, programu huria ya kutunza majalada ya wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, lakini kazi ni ileile hata kama kituo chako kina mfumo mwingine.

Hatua ya 1: Tafuta kabla ya kubonyeza "sajili"

Usiulize, "Umewahi kutibiwa hapa?" Mama atakujibu hapana, maana mara ile alikuja kujifungua, na kujifungua si kuumwa. Uliza hivi: "Mama, mara ya mwisho kufika hapa ilikuwa lini? Kadi yoyote ya zamani unayo?" Kadi ya kliniki ya mtoto nayo inafaa, kwa kuwa mara nyingi ina jina la mama.

Anza na namba: ya kituo, ya bima, ya NIDA (kitambulisho cha taifa cha Tanzania). Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo unalinganisha tarehe papo hapo. Namba ya simu iache mwisho. Laini hubadilishwa, tena simu moja huandikishwa kwa nyumba nzima.

Namba zote zikikosekana, ingia kwenye majina. Hapa usiwe na haraka. Andika herufi tatu au nne za mwanzo, usimalize jina, kisha pitia orodha. Ukikosa, badilisha tahajia: Rehema na Rahma, Zuhura na Zuhra, Omari na Umar. Baadhi ya mifumo hulinganisha majina kwa sauti kwa kanuni iitwayo Soundex, ambayo ilibuniwa Marekani kwa majina ya kule. Huacha irabu za katikati, hivyo Rehema na Rahma huwaona ni jina moja. Lakini herufi ya kwanza haiigusi kabisa: Athumani hupewa msimbo A355 na Othman O355, nao hawatakutana kamwe. Basi jina la Athumani litafute mara mbili, kwa A na kwa O.

Hatua ya 2: Majina matatu, na la mama

Jina lake, la baba, la babu. Ongeza jina la mama na kitongoji au mtaa. Kijijini akina Juma Hamisi ni wengi, lakini wenye mama mmoja ni wachache. "Mama Juma" si jina la kusajili, hata kama kijiji kizima kinamwita hivyo.

Hatua ya 3: Umri usioujua usiubuni

Ukijaza Januari 1 kwa kila asiyejua tarehe yake, baada ya muda nusu ya wazee wako watakuwa wamezaliwa siku moja, na tarehe haitakusaidia tena kumtofautisha yeyote. OpenMRS ina nafasi ya umri wa kukadiria, itumie. Mzee msaidie kwa matukio: "Babu, wakati wa Uhuru ulikuwa unachunga mbuzi au ulishaoa?" Kuna pia operesheni ya vijiji mwaka 1974 na vita vya Kagera vya 1978.

Hatua ya 4: Namba yenye tarakimu ya ukaguzi

Mwombe anayesimamia mfumo awashe tarakimu ya ukaguzi kwenye namba za wagonjwa, yaani tarakimu ya mwisho inayokokotolewa kutokana na zilizotangulia. Kwa kanuni ya Luhn, 10437 huwa 10437-2. Karani akiandika 10347-2 kwa kugeuza tarakimu mbili, mfumo unaikataa, kwa kuwa namba hiyo ingepaswa kuishia na 3. Bila hiyo, angefungua jalada la mtu mwingine na kuendelea na kazi.

Hatua ya 5: Kuunganisha majalada

Kazi hii asipewe kila mtu. Chagua mmoja au wawili, kila mmoja awe na neno lake la siri, ili ijulikane nani aliunganisha nini. Kwenye OpenMRS ukishaunganisha huwezi kurudi nyuma. Linganisha jinsia, majina yote, mama, mahali anapoishi na mahudhurio ya zamani. Halafu jiulize kama si pacha. Kulwa na Doto wana tarehe moja, baba mmoja, mama mmoja na simu moja, na kompyuta itakuletea kwa furaha kuwa ni mtu yuleyule. Pakiwa na shaka, subiri mgonjwa aje umuulize mwenyewe, kwa sauti ya chini. Taarifa zake zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na foleni ina masikio.

Hatua ya 6: Umeme ukikatika

Weka dirishani fomu za karatasi zilizokwisha kuandikwa namba halali kutoka kwenye mfumo. Mgonjwa mpya anapewa fomu na namba yake. Wa zamani anaandikiwa namba iliyo kwenye kadi. Umeme ukirudi, rudia Hatua ya 1 kwa kila fomu kabla ya kuingiza chochote, na tarehe ya hudhurio iwe ya siku aliyofika. Fomu iliyoingizwa ipige mstari na sahihi, isije mwenzako wa zamu ya jioni akaiingiza tena.