Sinia la Matunda na Jibini kwa Sherehe za Kiangazi Dodoma

Adui wa kwanza wa sinia la matunda na jibini ni maji. Wengi hulilaumu joto, na ni kweli kwamba mchana wa Oktoba hapa Dodoma hupita nyuzi 30 bila taabu, lakini masinia mengi niliyoyaona yakiharibika mezani yaliharibiwa na maji ya matunda yaliyotambaa taratibu hadi kwenye jibini, huku joto likifuata nyuma kumalizia kazi. Nililijua hilo kwa aibu. Sinia langu la kwanza la kulipwa lilikuwa la kipaimara cha mtoto wa jirani. Nililipanga lote asubuhi, nikalibana kwa nailoni ya kufunikia chakula, nami nikaenda kuoga nikiwa na amani moyoni. Nilipolifunua saa 9 alasiri, jibini ilikuwa imetoa jasho la mafuta na imekaa katikati ya kidimbwi chekundu cha tikiti maji. Tangu siku hiyo napanga sinia kwa kufuata maji yanakotoka na yanakoelekea, na mwongozo huu unafuata mpango huohuo.

Vipimo ninavyovitaja hapa ni vya wageni 20 watakaokula chakula kingine baadaye, kwa sinia la mviringo lenye upana wa sentimita 50 hivi.

Hatua ya 1: Kuchagua matunda kwa msimu

Anza na zabibu, kwa kuwa ndizo tunda la mji huu na ndizo zinazopendeza zaidi kando ya jibini. Mavuno yake Dodoma huja mara 2 kwa mwaka, ya kwanza takribani Februari na Machi, na ya pili Agosti na Septemba, kwa hiyo sherehe za miezi hiyo huzikuta zikiwa tele. Nunua kilo 2. Zabibu haziendelei kuiva zikishachumwa, hivyo usidanganyike na muuzaji anayekuambia kwamba zilizo chachu leo zitakuwa tamu kesho. Onja moja palepale, halafu utazame kikonyo cha kichala, ambacho kikiwa bado kibichi na laini kinaonyesha kwamba zimechumwa karibuni. Ule ungaunga mweupe unaofutika kwa kidole si uchafu, bali ni nta ya tunda lenyewe, nayo huilinda isikauke.

Jambo moja la kuwaambia wageni mapema ni kwamba zabibu nyingi tunazouziwa barabarani ni za kutengenezea mvinyo, zenye punje ndogo na mbegu ndani. Ladha yake ni kali na nzuri, lakini kama kuna watoto wa chini ya miaka 5, zao zipasuliwe kwa urefu na kutolewa mbegu, kwani zabibu nzima humkaba mtoto kooni.

Matunda mengine ya kuongeza ni nanasi 1, papai 1 dogo lililo imara, pasheni 10 na matufaa 3. Embe liache hadi lifike msimu wake; kuanzia Novemba na Desemba, masoko kama Majengo yanapojaa maembe, toa papai na uweke maembe 4. Tikiti maji silitii tena kwenye sinia hili kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Likitakiwa, lipewe bakuli lake.

Hatua ya 2: Jibini na vya kusindikiza

Kilo 1 ya jibini, au chizi kama tunavyoiita dukani, huwatosha watu 20, yaani gramu 50 kwa kila mmoja. Kwa joto letu nategemea zaidi jibini ngumu: gramu 500 za Gouda na gramu 300 za Cheddar, ambazo huvumilia meza kuliko zile laini. Gramu 200 zilizobaki ziwe za Feta, kwa ajili ya chumvi yake, ambayo hukutana vizuri na utamu wa zabibu. Mozzarella mbichi inayouzwa ndani ya maji iache kwa ajili ya piza.

Ongeza gramu 250 za karanga za kukaanga, gramu 250 za korosho, paketi 2 za biskuti za chumvi na kibakuli cha asali. Asali ya nyuki wa misitu ya Manyoni na Itigi ina rangi nzito na harufu ya moshi kidogo, nami sijaona kinachoishinda juu ya kipande cha Feta, ila asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1. Karanga nazo ni za kwetu: Waingereza walianzisha mradi wao mkubwa wa karanga Kongwa mwaka 1947 wakaukimbia mwaka 1951, lakini wakulima wa Kongwa wanalima karanga hadi leo.

Hatua ya 3: Kuosha na kukausha

Osha zabibu asubuhi ya sherehe, si usiku wa kuamkia, kwa sababu zabibu zilizolala na maji huota ukungu kwenye vikonyo. Zitumbukize kichala kimoja kimoja kwenye beseni la maji safi, zitikise, zitoe, kisha uzitandaze juu ya kitambaa cha pamba mahali penye kivuli na hewa. Hewa kavu ya Dodoma, ambayo hutupasua midomo, hapa inatufaa, kwani ndani ya saa 1 zabibu huwa kavu kabisa. Kata kila kichala kwa mkasi kuwa vichala vidogo vya punje 5 hadi 8, ili mgeni achukue kimoja bila kuvuruga sinia zima.

Usishawishike kutandika majani ya mzabibu chini ya chakula, hata yakipendeza namna gani. Mizabibu hupulizwa dawa, ikiwamo salfa ya kuzuia ubwiri unga, yaani ukungu mweupe wa majani, na huwezi kujua jani ulilolichuma lilipulizwa lini. Jani la mgomba lililooshwa na kufutwa linatosha, na ua lolote usilolijua lisiguse sinia.

Hatua ya 4: Kukata matunda

Nanasi na papai vikatwe kwanza, saa 2 kabla ya wageni, kisha viachwe kwenye chujio juu ya bakuli ndani ya jokofu ili maji yadondoke. Nusu saa inatosha, na utashangaa kuona kiasi kinachokusanyika chini. Yanywe mwenyewe, ni haki ya mpishi. Kuna sababu nyingine ya kuyaogopa maji hayo. Nanasi na papai vina vimeng'enya vinavyovunja protini ya maziwa, na vikikaa kwenye jibini, hasa ile laini, huifanya iwe chungu na kulegea juu.

Matufaa yakate vipande vyembamba mwishoni, uyachovye kwenye kikombe 1 cha maji kilichotiwa kijiko 1 kikubwa cha ndimu ili yasigeuke rangi ya kahawia, kisha uyafute. Pasheni ikatwe katikati na iachwe ndani ya ganda lake. Ndilo tunda ninalolipenda zaidi kwa kazi hii, kwa kuwa linakuja na kikombe chake na halimwagi hata tone.

Ukiwa na embe, kata shavu la kila upande ukipita karibu na kokwa. Lishike shavu viganjani, ngozi ikiwa chini, uchore nyama yake mistari ya kwenda na ya kukatiza kwa ncha ya kisu bila kutoboa ngozi, halafu usukume ngozi kwa vidole kutoka chini. Shavu litabinuka na vipande vitasimama kama miiba ya nungunungu. Likikatika ngozi, kula na uchukue jingine.

Hatua ya 5: Kupanga

Weka kwanza vibakuli 2, cha asali na cha Feta, visiwe katikati kabisa bali kila kimoja upande wake. Kisha weka visahani vidogo mahali jibini ngumu itakapokaa, ili uone nafasi yake bila kuitoa kwenye jokofu mapema. Zungusha vichala vya zabibu kando ya visahani hivyo, na nanasi na papai uvipeleke ukingoni, mbali na jibini. Katikati ya matunda yenye maji na jibini jenga ukuta wa karanga na korosho wenye upana wa vidole 2. Maji yakitoroka, yatakutana nao kwanza.

Kuhusu rangi, usiweke Cheddar karibu na embe wala papai, kwani kwa mbali vyote ni njano tupu na jicho halioni kitu. Njano ikae kando ya zabibu nyeusi, nyeupe ya tufaa ikae kando ya pasheni. Majani machache mabichi ya mnanaa yaliyofutwa maji yanamaliza kazi.

Jibini ikatwe ikiwa baridi, maana ikilegea hung'ang'ania kisu. Ondoa nta ya Gouda, kata pembetatu zenye unene wa nusu sentimita, na ufute kisu kila baada ya mikato michache. Toa visahani, panga jibini mahali pake dakika 20 kabla ya wageni, ambazo kwa hali yetu zinatosha kuirudishia ladha, na biskuti ziwe za mwisho kabisa.

Hatua ya 6: Mezani

Sinia likae kivulini, juu ya chupa 4 za maji zilizogandishwa na kulazwa chini yake zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa. Sinia la alumini hupitisha baridi hiyo vizuri kuliko ubao. Vumbi na nzi vizuiwe kwa kawa, si kwa nailoni, kwa sababu kawa hupitisha hewa na haikusanyi umande. Anzisha na nusu ya jibini tu, nyingine ibaki kwenye deli lenye barafu, uongeze kadiri inavyopungua.

Jibini iliyokaa mezani saa 2 iondolewe, na ikiwa joto limepita nyuzi 32 usisubiri zaidi ya saa 1. Zabibu na karanga ziache zilipo, maana wageni wataendelea kuzidokoa mpaka wakati wa kuaga.