Atichoki kwa mbegu: sia Februari ili miche ikutane na baridi ya Juni

Watu wengi wakishapata mbegu ya atichoki wanaisia mwezi wowote, alafu mwaka unaisha wanaangalia majani tu. Yalinikuta hapa Njombe, nilisia Septemba, mimea ikanenepa ikafika kiunoni na tumba halikutoka hata moja. Samadi ilikuwepo na maji yalikuwepo, kilichokosekana ni baridi. Kwao huu mmea ni ukanda wa Mediterania, ukiwa mchanga unataka upigwe na baridi ya chini ya nyuzi 10 kwa muda ndo baadae utoe matumba, na tumba ndo tunalokula, kabla halijafunguka kuwa ua. Sisi hiyo baridi tunaipata bure Juni na Julai, kwa hiyo hesabu yote inaanzia hapo.

Februari: loweka mbegu usiku mmoja. Kama unaweza kuchagua chukua aina inayoitwa Imperial Star maana inazaa mwaka wa kwanza bila kudai baridi nyingi, Green Globe ni tamu ila inadai zaidi. Jaza viriba udongo wa msituni debe mbili, samadi iliyooza vizuri debe moja na mchanga kidogo, fukia mbegu mbili mbili kina cha sentimita 1. Zinaota siku ya 10 mpaka 14, zingine zinachelewa, we usifukue kuchungulia.

Zikifika majani manne kaa nazo chini uziangalie moja moja, hapa ndo watu wanakosea. Miche ya mbegu haifanani hata kama pakiti ni moja, mingine inarudia ukoo wake wa porini, jani linachongoka sana na ukipitisha kidole kwenye ncha linachoma. Huo ng'oa. Sia 10 ukijua utabaki na 6 au 7 ya maana.

Aprili: hamishia bustanini. Shimo futi moja na nusu kwenda chini, ndoo nzima ya samadi, na kutoka mche mpaka mche mita moja, usibane, jani moja tu likikomaa linakaribia urefu wa mkono wako. Panda juu ya tuta kwa sababu mvua za mwisho zikituama mizizi inaoza. Weka matandazo, na mvua zikikata mwagilia mara mbili kwa wiki, maji mengi yashuke chini sio kulowanisha juu.

Kama uko sehemu isiyo na baridi kali, mbegu ikishalowekwa ichanganye na mchanga mbichi kwenye kopo lenye mfuniko, weka kwenye friji (sio friza) wiki tatu ndo usie. Dar sikushauri kabisa, joto linafungua tumba haraka na linakuwa gumu.

Wadudu mafuta watakuja, wanajificha chini ya jani kwenye ule utandu mweupe, puliza maji ya sabuni kwa chini asubuhi. Konokono waokote usiku kwa tochi.

Kuanzia Septemba angalia katikati ya mmea. Tumba la kwanza ndo kubwa kuliko yote, magamba yamelaliana kama ya kakakuona. Kata yakiwa bado yamebana, ukiliminya linalia kwikwi, na uache kikonyo cha sentimita 6 hivi. Ukisubiri magamba yaachane umeshachelewa. Chemsha dakika 30 mpaka 40 na ndimu, chomoa gamba moja moja ukwangue nyama ya chini kwa meno, ukifika kwenye manyoya yatoe yote kwa kijiko usiyale, chini yake ndo kuna moyo wenyewe, laini, na ukinywa maji baada ya hapo yanakuwa matamu mdomoni.

Shina likimaliza kuzaa likate mpaka chini, rudishia samadi. Machipukizi yatatoka pembeni, acha mawili au matatu, mengine chimbua na mizizi yake uhamishie shimo jipya. Chukua ya ule mmea uliokupa matumba manene yasiyo na miiba, maana chipukizi linafanana na mama yake, mbegu hailiwezi hilo.